Upondo wa Kuazima

Mwamuzi mkuu alituonya asubuhi, akarudia mchana vijana wakipasha misuli: upondo, ile fimbo ndefu ya kurukia, ukiangukia upande wa ufito unaorukwa hauguswi. Ukirudi nyuma, kwenye njia ya kukimbilia, udake upendavyo. Niliitikia mara zote mbili. Nilikuwa mmoja wa waliojitolea kwenye mashindano ya kimataifa ya riadha ya vijana, na katika fainali ya wanaume ya kuruka kwa upondo kazi yangu ilikuwa hiyo tu, kusimama karibu na kisanduku, kile kishimo ambamo ncha ya upondo huchomekwa, na kuokota pondo.

Wengi hudhani warukaji hukuta vifaa uwanjani, kama wakimbiaji wa kuruka viunzi. Wapi! Kila mmoja huja na zake, na mmoja hautoshi. Upondo huandikwa urefu wake na uzito wa mtu unaomfaa, na mrukaji akiamka na kasi nzuri huhitaji ulio mgumu zaidi. Ukiwa laini mno unapinda kupita kiasi. Ukiwa mgumu mno unamrudisha alikotoka. Sasa hebu fikiria kupakia kwenye ndege furushi la vitu vyenye urefu wa zaidi ya mita nne. Za kijana mmoja zilibaki njiani. Yeye alifika na begi la mgongoni na viatu vya misumari.

Sheria hairuhusu kutumia upondo wa mwenzako bila ridhaa yake. Mpinzani wake mmoja, mwenye umbo kama lake, akamwazima mbili. Hawakuwa na lugha moja. Nilimwona mwenye mali akipitisha kidole gumba kwenye upondo, polepole, toka juu mpaka chini, kisha akamtazama mwenzake usoni: hapa pasikwaruzike. Nyuzi za kioo zikipata mkwaruzo, upondo unaweza kukatika siku nyingine, umepinda, na mtu yuko miguu juu kichwa chini. Ukivunjika jaribio halihesabiwi, unaruka tena, kama bado una hamu.

Kidole kile ndicho kilichoniponza.

Vimo vya mwanzo vilipita bila kisa. Jina nililolisikia katika kila lugha ni Duplantis, mrukaji wa Uswidi: mashindano ya dunia ya vijana, Cali, Kolombia, 2015, miaka 15, mita 5.30, dhahabu. Wengi wa hawa walikuwa wameshaupita umri huo, na nadhani iliwakera kidogo.

Kijana wa kuazima aliangusha ufito jaribio la kwanza. La pili, saa ikimhesabia dakika yake moja, alikimbia vizuri kuliko siku nzima. Ncha ikazama kwenye kisanduku, upondo ukapinda, ukamrusha. Kiuno kikapita, kifua kikapita, akaachia. Ila aliuachia tu, hakuusukuma. Upondo ukabaki umesimama wima peke yake, kama mtu aliyesahau alichofuata chumbani, halafu ukaanza kuinama kuelekea kwenye ufito.

Sikuuona ufito. Niliona nguzo ya chuma, nikaona mkwaruzo, nikaona mali ya mtu. Nikaudaka.

Ufito ulikuwa palepale, hautikisiki. Kijana akainuka kwenye godoro, ngumi zote mbili juu. Mwamuzi mkuu hakumwangalia yeye, aliniangalia mimi. Kisha akainua bendera nyekundu. Mwamuzi akiona kwamba lau si mkono ule ufito ungeanguka, jaribio limeharibika, haijalishi mkono ni wa nani. Kocha wake alipiga kelele kutoka jukwaani mpaka sauti ikamkauka. Mimi hadi leo sijui kama ungefika. Ulikuwa unakwenda taratibu mno. Sheria naielewa, mtu wa kando asimwokoe mrukaji, lakini aliyekosea siku ile alikuwa na kitambulisho shingoni, hakuwa na namba kifuani.

Jaribio la tatu aliugonga kwa mapaja wakashuka pamoja, yeye na ufito.

Alikuja kuuchukua upondo mikononi mwangu. Nilijiandaa kwa lolote. Akapitisha kidole gumba toka juu mpaka chini, akaufuta kwa taulo, akampelekea mwenyewe. Mwenyewe naye akapitisha chake. Bado alikuwa na jaribio, na ni huohuo alioamua kuutumia. Akaenda kusimama mwanzo wa njia, nami nikarudi kando ya kisanduku, mikono nimeifunga nyuma.