Siku moja na samaki msafishaji, Kampala

Saa 12 asubuhi chai na chapati fasta, boda mpaka dukani Ntinda. Natunza matenki ya samaki wa mapambo, mengi ni ya maji baridi, moja tu la chumvi, na hilo moja ndo linakula muda wangu.

Saa 2 vipimo. Joto 25 au 26, chumvi 1.025 (uzito wa maji ya tenki ukilinganisha na maji yasiyo na chumvi). Maji ya bomba huku yanatoka Ziwa Victoria na yana klorini, lazima yapite filta kwanza ndo nichanganye chumvi ya paketi.

Saa 4 namlisha samaki msafishaji, kitaalamu Labroides dimidiatus, yaani huyu kasamaki hazidi sentimita 14, mwembamba, mstari mweusi toka mdomoni hadi mkiani, jamani nampenda. Kwao ni kwenye matumbawe, Bahari ya Hindi na Pasifiki, hata pwani ya Kenya yupo. Kule ana kituo chake, chewa na mikunga wanakuja wenyewe wanapanua midomo, anaingia mpaka ndani anawatoa chawa na ngozi iliyokufa na hawamli! Great Barrier Reef watafiti walikuta mmoja anakula kama vijidudu 1,200 kwa siku. Na 2019 wanasayansi wa Japani walimwekea alama kooni, alipojiona kwenye kioo akaenda kujisugua aitoe. Samaki!

Sasa 1,200 kwenye tenki nawatoa wapi? Ndo maana nampa uduvi wa kusaga kidogo kidogo, saa 4, saa 6, saa 8, saa 10, nikizembea anakonda.

Saa 9 mteja anamnyooshea kidole, "Ssebo (bwana), huyu bei gani?" Nikamwambia huyu hauzwi, nyumbani kwako atakufa njaa, chukua klaunifishi waliozalishwa shambani, wanakula chochote. Akasema ila huyu mzuri. Ni mzuri ndiyo, ila kule Lizard Island, Australia, waliwaondoa kwenye miamba kadhaa kwa miaka 8 na nusu, samaki wengine wakapungua na waliobaki wakadumaa. Kila anayevuliwa kuna kituo kinafungwa. Mteja akachukua klaunifishi wawili.

Saa 12 jioni umeme ukakatika, jenereta, kazi ikaendelea. Saa 1 nikazima taa, hapo anajifunika utando wa ute analala.

Kabla ya kutoka nikaandika oda ya mzigo wa Entebbe, nikaweka uduvi msafishaji, naye anasafisha na anakula chakula cha kawaida, boss kakubali hatuagizi tena Labroides.