Swali langu nimelipata mwaloni

Wiki tatu nimelala na kuamka na kichwa kimoja cha mradi: "Uchafuzi wa Ziwa Victoria." Mwalimu akakisoma, akaniuliza taratibu, "Mwanangu, hili ziwa lina kilomita za mraba zaidi ya 68,000, na nchi tatu zinaligawana. Wewe una daftari na likizo ya wiki nne. Utaanzia wapi?" Sikuwa na jibu. Niliumia, maana ziwa hili nalipenda kweli.

Jumamosi nikashuka mwaloni Kirumba, Mwanza, pale wavuvi wanaposhushia samaki, kuangalia tu. Mama mmoja muuza dagaa akaniwekea mikononi dagaa wa aina mbili. Walioanikwa mchangani, ukimtafuna mmoja unasikia chembe menoni. Walioanikwa juu ya chanja walikuwa safi, wanang'aa kama fedha. "Hawa hawauzwi bei moja, mwanangu," akasema.

Hapo hapo nikatoa kalamu. Jaribio la kwanza: "Kwa nini dagaa wa mchangani ni wa bei rahisi?" Bado swali ni pana: mwalo upi, msimu upi, bei ya nani? Nikapunguza tena. Kukata habari za mvua, na za taa zinazovuta dagaa usiku wa giza, kuliniuma sana, lakini nikakata.

Limebaki hivi: "Mwezi huu, kwa wauzaji wa Kirumba, sado (ndoo ndogo ya kupimia) ya dagaa wa chanja inazidi ya wa mchangani kwa shilingi ngapi?"

Mwalimu amelipitisha leo. Kesho alfajiri naanza, na shikamoo ya kwanza ni ya yule mama.