Siku yangu moja na nyayo za watu

Saa 12 asubuhi. Kabla sijakanyaga sakafu, nakaa ukingoni mwa kitanda, navuta vidole vya mguu wa kulia kuja kwangu, nahesabu hadi 30. Mwaka jana kisigino kiliniuma kama nimekanyaga msumari, na hatua za kwanza za asubuhi ndizo zilizokuwa mbaya kuliko zote. Maumivu yaliisha, zoezi sijaliacha.

Saa 2. Kliniki, nimeanza na mama mwenye maumivu yale yale. Chini ya wayo kuna utando mgumu ulioshika mfupa wa kisigino na kwenda mpaka kwenye vidole. Nikakiinua kidole chake gumba kwa mkono, taratibu. "Mama, tazama hapa katikati." Tao likapanda mbele ya macho yake, na utando ukatuna kwenye ngozi kama kamba iliyovutwa. Yeye hakukaza msuli wowote. Ndivyo inavyokuwa kila anapotembea: mguu hutua ukiwa laini ili upokee uzito, kisha kisigino kikinyanyuka kidole gumba hukunjika, utando hukaza, na mguu ule ule hugeuka mgumu wa kusukumia mwili mbele. Kwa hiyo mtu akilalamika kisigino, mimi kwanza naangalia kama kidole gumba kinakunjika vizuri, halafu misuli ya shavu la mguu kama imekaza.

Saa 4. Mtoto wa miaka 4, nyayo bapa, mzazi hajalala kwa wasiwasi. Nikamwambia mtoto achuchumie agonge kiganja changu. Alipopanda juu ya vidole, tao likaonekana wazi. Umri huo wayo bado umejaa mafuta, na watoto wengi tao lao hujitokeza wanavyokua. Hana maumivu, anakimbia. Sikumwandikia viatu maalumu.

Saa 7. Mwanafunzi anayejifunza kazi kwetu anahesabu mifupa ya mguu mmoja, kisigino hadi vidole: 7 ya nyuma, 5 ya katikati, 14 ya vidole, jumla 26. Kidole gumba kina 2 tu, wenzake 3 kila kimoja.

Saa 10. Mzee mwenye kisukari. Alifumba macho, nikawa namgusa wayo kwa uzi wa nailoni unaopinda kwa uzito wa gramu 10. Kisigino, "ndiyo." Ukingo wa nje, "ndiyo." Kwenye kitako cha kidole gumba, kimya. Nikarudia, kimya. Ngozi pale ilikuwa nyekundu, na ndani ya kiatu nikakuta kijiwe cha ukubwa wa punje ya mahindi.

"Baba, hiki umetembea nacho tangu lini?"

Alikiangalia kwa muda mrefu. Hakujua.

Tulizungumza kwa nusu saa: kukagua nyayo kila jioni, kwa kioo asipofikia, kutotembea peku hata ndani ya nyumba. Wakati wa kuondoka alivigonga viatu vyote viwili, akapitisha mkono ndani mpaka mwisho, ndipo akavivaa.