Ushuru wa Vyuma wa Marekani na Bei ya Spika Mombasa

Katika maduka ya vyombo vya muziki hapa mjini kumeingia hoja mpya ya kumaliza ubishi wa bei. Mteja akilalamika kwamba amplifaya imepanda, huambiwa kuwa ni ushuru wa Trump, na maneno huishia hapo, kwa kuwa si rahisi kwa mnunuzi wa Mwembe Tayari kuthibitisha yanayoamuliwa Washington. Jambo hili limenishughulisha kwa sababu nina jamaa wanaokodisha spika za harusi, na mwenye kazi hiyo akiongezewa shilingi 5,000 juu ya amplifaya moja katika mwezi wa Shaaban, shughuli zikiwa zimepangana hadi mkesha wa Ramadhani, ana haki ya kujua fedha hizo zimekwenda wapi.

Ushuru wenyewe upo, na si mdogo. Machi 2018 Marekani ilianza kutoza asilimia 25 kwa chuma na asilimia 10 kwa alumini kutoka nje, ikitumia kifungu cha 232 cha sheria yake ya mwaka 1962, kinachomruhusu rais kuzuia bidhaa kwa hoja ya usalama wa taifa. Machi 2025 alumini ilipandishwa kufikia asilimia 25 na nchi zilizokuwa zimesamehewa zikaondolewa msamaha. Tarehe 4 Juni mwaka huohuo vyote viwili vikafika asilimia 50, isipokuwa kwa Uingereza. Tarehe 1 Agosti ikafuata shaba, kwa asilimia 50 juu ya nyaya, mabomba na mabamba yake, na katikati ya mwezi huo mafungu 407 ya bidhaa zenye chuma au alumini ndani yake yakaongezwa kwenye orodha.

Mtu akifungua amplifaya kubwa ya kizamani ataona mara moja kwa nini wapenzi wa muziki huko Marekani waliingiwa na hofu. Sanduku ni bati la chuma. Transfoma ni mabamba membamba ya chuma yaliyozungushiwa kilo kadhaa za waya wa shaba. Pembeni kuna pande la alumini lenye mapezi, kazi yake kupoza transista. Spika nayo ina fremu ya chuma au alumini, sumaku ya feraiti ambayo asili yake ni oksidi ya chuma, bamba za chuma zinazoibana sumaku hiyo, na koili ya waya mwembamba wa shaba au alumini inayosukuma koni. Ukiondoa mbao na karatasi, karibu kila kinachobaki kimetajwa katika matangazo yale.

Hata hivyo, ushuru huo hulipwa na mwagizaji wa Marekani, katika bandari ya Marekani. Kontena linalotoka Guangzhou kuja Kilindini halipiti huko, wala Mamlaka ya Ushuru ya Kenya haina kifungu cha kumtoza mtu kwa uamuzi wa rais wa nchi nyingine. Njia pekee ambayo uamuzi huo ungeweza kutufikia ni kupitia bei ya metali duniani, na njia hiyo ina kona nyingi kuliko anavyodhani muuza duka. Nchi kubwa ikifunga mlango wake, chuma kilichokuwa kikienda huko hutafuta mnunuzi mwingine, na huyo mwingine anaweza hata kukipata kwa bei nafuu zaidi. Mwaka 2025 wafanyabiashara walikimbiza shaba kuingia Marekani kabla ya ushuru kuanza, bei ya New York ikapanda mbali juu ya ile ya London. Ilipotangazwa mwishoni mwa Julai kwamba shaba iliyosafishwa haitatozwa, bei ya New York ilianguka kwa zaidi ya asilimia 20 kwa siku moja. Aliyekuwa amepandisha bei ya spika hapa kwa habari za ushuru wa shaba alipaswa, kwa hesabu yake mwenyewe, kuiteremsha mwezi wa Agosti.

Tuchukue hata hali mbaya. Shaba ikiwa dola 10,000 kwa tani, kilo moja ni dola 10, yaani kama shilingi 1,290. Transfoma yenye kilo mbili za shaba ina shaba ya dola 20. Bei ya shaba ikipanda kwa asilimia 10, kiwanda kinaongezewa gharama ya dola mbili, ambazo hazifiki shilingi 260. Zipitishe forodhani, weka faida ya mwagizaji na ya mwenye duka, na bado ni vigumu kufikia shilingi 1,000. Kwenye kispika kidogo cha bluetooth, ambacho ni plastiki na betri, mabadiliko hayo hayaonekani kabisa.

Kinachoonekana ni tozo zetu wenyewe. Chombo kikifika bandarini kikiwa na thamani ya shilingi 10,000 pamoja na nauli na bima, na tuchukulie kwamba kiko katika kiwango cha asilimia 25 cha ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki, ushuru ni 2,500. Ada ya tamko la uagizaji, ya asilimia 2.5, ni 250. Tozo ya reli, iliyorudishwa asilimia 2 mwishoni mwa 2024, ni 200. Kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16, juu ya thamani pamoja na ushuru, ni 2,000. Jumla ni shilingi 4,950 kabla ya wakala wa forodha kutaja chake. Hizi hazitajwi dukani, labda kwa kuwa tumezizoea.

La pili ni shilingi. Januari 2024 dola moja ilipita shilingi 160. Kufikia katikati ya mwaka ilikuwa imerudi karibu na 129. Spika ya dola 100 ilipungua kwa zaidi ya shilingi 3,000 kabla hata ya kodi, tofauti ambayo hakuna ushuru wa vyuma ungeweza kuileta. Sikuona duka lililobandika bei mpya mlangoni kwa furaha ya habari hiyo.

Ninachokihofia mimi zaidi ni uzito. Kiwanda kinachotaka kulinda bei yake metali zikipanda hakilazimiki kumwambia mtu. Hupunguza sumaku, hupunguza unene wa fremu, na badala ya waya wa shaba hutumia alumini iliyopakwa shaba kwa juu. Alumini hupitisha umeme kwa takriban asilimia 61 ya uwezo wa shaba. Si kila alumini ni ulaghai: katika koili za spika ndogo za sauti nyembamba huchaguliwa makusudi kwa wepesi wake, na amplifaya za kisasa za daraja D, aina isiyopoteza umeme mwingi kuwa joto, ni nyepesi kwa sababu hazihitaji transfoma nzito wala pande kubwa la kupoza. Ubaya uko kwenye nyaya za spika zinazouzwa kwa mita kama shaba tupu, na ubaya huo ni mkubwa zaidi pwani. Hewa yetu ina chumvi. Metali mbili zikigusana penye unyevu wa chumvi, alumini ndiyo huliwa, na waya uliowekwa vizuri msimu mmoja huanza kukwaruza sauti msimu unaofuata, fundi akilaumiwa bure. Kwaruza ncha ya waya kwa wembe kabla ya kulipa: ukiona weupe ndani, hiyo ni alumini. Muuzaji akikataa usikwaruze, jibu umeshalipata.

Mafundi wanaosuka upya koili na transfoma ndio, kwa maoni yangu, wenye haki ya kutaja bei ya shaba, kwa sababu wao hununua waya kwa kilo na sehemu kubwa ya malipo yao ni waya huo. Fundi akikuongezea kidogo, ana hesabu ya kukuonyesha. Mwenye duka anayeongeza shilingi 5,000 aombwe karatasi za forodha za shehena yake, na tarehe iliyoingia.