Deni la dola 11,400 Texas, na kwa nini sikujitangaza muflisi

Niko Houston, kazi yangu ni kuhudumia wazee, na mwaka jana nilifanyiwa operesheni ya nyongo, shifti zikakatika, kadi za mkopo zikaanza kununua chakula na petroli. Tulipojumlisha na mke wangu tukapata kama dola 11,400, kadi mbili karibu 8,000 na hospitali 3,400, na pembeni kuna 2,000 za shemeji, mume wa dada yangu, ambazo hazina karatasi lakini ndizo zilikuwa zinaninyima usingizi.

Jamaa wa kazini akaniambia si ufaili tu Chapta 7, ile kesi ya kujitangaza muflisi kortini, yote yanafutwa. Mawakili wengi huku kikao cha kwanza hawalipishi kwa hivyo nikaenda kuona mmoja. Akanipigia hesabu: ada ya korti 338, yeye 1,500, kuna somo la madeni lazima ufanye kabla ya kufaili na lingine baadaye, halafu inakaa kwa ripoti yako ya mkopo, ile wakopeshaji huangalia, miaka 10. Na ukishafutiwa, hakuna Chapta 7 nyingine mpaka miaka 8 iishe, sasa nikiugua tena mwakani je?

Hiyo yote ningevumilia, lakini akaanza maswali. Umelipa ndugu yeyote ndani ya mwaka mmoja? Nikasema ndio, shemeji nimemrudishia 900. Akasema msimamizi wa kesi anaweza kumfuata shemeji azirudishe zigawiwe wadai wote, maana huwezi kulipa wa nyumbani ukaruka benki. Manze, nianze kumweleza shemeji ati korti ya Marekani inamdai kwa sababu alinisaidia?

Swali la pili: una mali yoyote, mahali popote duniani? Nina ploti Ruiru, Kenya, futi 50 kwa 100, title iko kwa jina langu na mama anaishi hapo, ukiuza leo haikosi dola 27,000. Kumbe hiyo inaingia kwenye kesi hata kama iko ng'ambo, na kinga za sheria, yaani kiasi cha mali ambacho hawakuchukulii, hata zile ningeweza kuchagua hazingeifunika yote. Akasema kuna wasimamizi huachana na shamba la mbali kwa sababu kuliuza ni shida, lakini usiweke nyumba ya mama kwa bahati ya mtu. Nikauliza, nikiiandikisha kwa jina la mama kwanza? Akacheka. Wanaangalia nyuma miaka 2 na zaidi, na kuficha mali ni jinai, unaweza kufungwa miaka 5. Wale husema ukifaili hupati uraia, alisema kufaili kwenyewe hakuzuii, kudanganya kwenye fomu ndiko kutakuharibia.

Kitu kingine sikuwa najua, Texas mdai wa kadi hawezi kukata mshahara wako kazini. Akishinda kesi anaweza kufunga akaunti ya benki, hiyo ndiyo ya kuogopa, lakini mimi nilikuwa sijashtakiwa hata. Haraka ya nini sasa.

Nikaanza na hospitali. Ni hospitali isiyo ya faida, na sheria ya kodi inazitaka hospitali kama hizo ziwe na mpango wa kusaidia wenye kipato kidogo, unaweza kuomba hadi siku 240 tangu bili ya kwanza. Hakuna mtu alinitajia hilo pale kaunta. Nikajaza fomu, nikapeleka payslip, ikashuka hadi 700.

Kadi nikazipeleka kwa ofisi ya ushauri wa madeni, isiyo ya faida, sio hizi kampuni za kwenye redio zinazokwambia uache kulipa kwanza uwatumie wao. Wakaongea na benki riba ikatoka 27 hadi 8 kwa mia. Nalipa kama 190 kwa mwezi pamoja na ada yao, itachukua karibu miaka 5, na kadi zote mbili zimefungwa. Kama ningekuwa na deni la 40,000 na sina ploti popote ningefaili bila kuuliza mtu. Shemeji amebaki kunidai 1,100, namtumia kila overtaimu ikiingia.