Siku moja maishani mwangu: mzamiaji wa boti za mbao zilizozama, Majanji, Ziwa Victoria

Saa kumi na moja alfajiri naamka. Chai ya maziwa na nusu chapati, basi. Nikishiba sizami vizuri. Nikipita sokoni na mpira mrefu wa kupumulia begani, akina mama wanaacha kupanga dagaa na kuulizana nani amekufa. Siwalaumu, maana kuna siku naitwa kwa jambo hilohilo. Lakini mkate wangu hasa ni injini na nyavu zilizozama pamoja na boti. Uganga sina. Nina kompresa kuukuu ya kunisukumia hewa, kamba, visu viwili na mshipi wa vipande vizito vya risasi wa kunishusha chini.

Kazi nilijifunza Mombasa, nikisugua matumbo ya meli. Niliporudi nyumbani ziwani ilinibidi nipunguze risasi kiunoni, kwa sababu maji baridi hayakuinui kama ya chumvi.

Saa kumi na mbili tunapakia. Mwenzangu wa kamba anawasha kompresa, nami nazunguka kukagua jambo moja: mdomo unaovuta hewa uelekee upepo unakotoka, moshi uende upande wa pili. Moshi ukiingia kwenye mpira, aliye chini husinzia bila kujua kwamba anasinzia.

Saa moja tuko majini. Asubuhi upepo hutoka nchi kavu na ziwa hulala. Mchana hugeuka, na mawimbi yakianza hakuna tena cha kushika huko chini. Kwa hiyo kila dakika ya asubuhi ina bei yake, na leo dakika zangu zililiwa na mzee mwenye boti.

Boti yake ni ya futi 28, ilijaa maji usiku wa juzi ikiwa na nyavu na injini ya nguvu za farasi 15. Vijana wake wote waliogelea wakishikilia jerikeni tupu, Mungu mkubwa. Mzee mwenyewe hakuwepo usiku ule. Lakini alisimama omo, mbele ya boti yetu, kidole kimenyooka: "Iko pale, kijana. Mwembe ule na paa lile la bati, vikipangana, ndipo hapo." Tukaburuta nanga. Hakuna kitu. Tukarudia. Tukatoa gugumaji mkungu mzima. Mzee akaanza kusema boti imeibwa, kwani mbao haizami, hata mtoto anajua. Nikamwambia mbao peke yake haizami, lakini ukiifunga injini, nyavu zilizolowa na mawe ya nanga, itazama tu. Akanitazama kana kwamba najaribu kumuuzia shamba lake mwenyewe.

Nahodha wake, kijana aliyenusurika, alikuwa amekaa kimya tangu tulipoondoka. Mara ya nne tuliporudi patupu akasema kwa sauti ya chini, "Mzee, shikamoo, lakini tulikuwa kule." Kule kwenyewe ni hatua mia mbili kushoto. Saa nne kasoro nanga ikanasa.

Mita saba. Mtu wa nje anadhani nitaona boti imelala mchangani, na samaki wanapita madirishani kama kwenye sinema. Ukweli ni kwamba baada ya mita tatu maji ni kijani kizito, kama uji wa mlenda, na mkono wangu mwenyewe siuoni. Nafanya kazi kwa vidole. Nikagusa omo, nikafuata mkuku, uti wa mgongo wa boti, kuelekea tezi, yaani nyuma, nikihesabu mataruma, mbavu zake: moja, mbili, tatu. Pamba ya kalafati, ile ya kuziba nyufa, ilikuwa imetokeza katikati ya mbao mbili, laini kama sikio la mbuzi. Hapo ndipo maji yalipoingia. Nikajua kabla ya fundi yeyote, na sikuwa na wa kumwambia.

Taruma la tisa, mguu ukakataa kuja.

Nyavu. Wavu uliozama hauachi kuvua, na hauchagui. Kosa la wengi ni kugeuka ili waone, halafu wanajisokota na mpira pia. Nikatulia, nikavuta kamba mara moja, maana yake niko sawa, ingawa sikuwa sawa sana. Nikakata jicho moja moja nyuma ya kisigino. Mbele ya uso wangu sangara aliyenaswa alikuwa ameanza kuoza, na sikuweza kumsogeza. Kilichonisumbua si hofu, ni baridi ya vidole kukosa nguvu. Pumua, kata, pumua. Hata ukiogopa vipi huwezi kubana pumzi na kukimbilia juu. Kutoka mita saba tu hewa ya mapafuni hutanuka zaidi ya nusu, na mapafu hayana huruma.

Injini niliifunga jerikeni mbili za lita 20, midomo chini, bila vifuniko, nikazijaza hewa ya mpira. Ukizitia vifuniko zitapasuka njiani. Ikapanda yenyewe kama mtu aliyechoka kulala.

Sijui ilikuwa saa ngapi tulipofika gatini. Upepo ulikuwa umeshageuka, nilikuwa natetemeka juani. Nikawaambia vijana waitumbukize injini kwenye pipa la maji.

Mzee akapiga ukelele. "Nimekulipa uitoe majini, wewe unairudisha majini?" Watu wakajaa. Nikaeleza kwamba chuma kilicholowa kikishapata hewa ndipo kutu hukila mbiombio, iache izame mpaka fundi awe tayari kufungua plagi na kumwaga mafuta. Nikaeleza mara tatu, meno yakigongana. Muuza kahawa akaniunga mkono. Sijui alijifunzia wapi. Mzee akatoa nusu ya pesa. Nyingine, akasema, injini ikinguruma.

Jioni nilikula ugali wa muhogo, nikalala na matope masikioni. Saa tatu usiku simu ikalia.

"Kijana, shemeji yako amechota ndoo mbili kwenye pipa, anataka kufua. Kichwa cha injini kimetokeza. Niongeze maji?"

"Ongeza, mzee."

"Ya ziwa au ya bomba?"