Alfajiri ya belo la jinzi

Mpwa wangu kaokota picha kwenye simu ya mama yake, akanitumia juzi. Tumeegemea ukuta Mtaa wa Kongo, Kariakoo, vijana watatu, suruali zimemwagika hadi raba hazionekani. Nikajiandaa kuchekwa. Badala yake akaandika: "Mjomba, shikamoo. Hiyo jinzi bado unayo?" Kumbe zimerudi.

Sinayo. Ilikotoka ndiko ninakokukumbuka: belo moja, yaani robota la mitumba, sokoni Karume, Dar es Salaam, alfajiri, miaka ile Bongo Fleva inaanza kushika redio na kila kijana wa Ilala anataka kuvaa kama waliomo kwenye video.

Video zenyewe zilikuwa kitu kipya. Radio One na ITV zilianza 1994; kabla ya hapo Bara hatukuwa na televisheni, na redio ilikuwa ya taifa tu. Mitumba ilishatangulia. Ilirudi kwa wingi baada ya 1984, serikali iliporuhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe. Bibi hakuacha kuiita kafa Ulaya, hata siku alizovaa sweta lake. Vijana wakaanza kwa kutembeza nguo mkononi, wakapata pa kutandika turubai, wakafikia kutundika kwenye henga. Maduka ya vioo ya Kariakoo yalikuja nyuma yao, yakiuliza ni nini kinachotoka.

Kaka alikuwa na sehemu yake Karume, kwa hiyo nilikuwepo belo lilipofunguliwa. Belo la namna ile lina kilo 45. Jinzi ya kiume ina gramu 700 hadi 800, basi unategemea suruali kama 60. Zikipungua sana, umepewa nzito za kazi za mikono, zile ambazo mjini haziuziki. Huwezi kujua mapema, maana limebanwa kwa mashine, limevikwa nailoni na kufungwa mikanda ya plastiki, na karatasi iliyobandikwa juu inasema "jinzi" basi.

Mkanda haukatwi ukiwa umeuinamia. Ukiachia unaruka, na wapo wauzaji wenye kovu la shavu kwa sababu hiyo. Kaka akapiga goti juu ya belo, akageuza uso, akakata wa pembeni kwanza, kisha wa upande wa pili ili lisilale upande mmoja. Likavimba taratibu, likatoa ile harufu ya dawa. Wachaguzi walikuwa wamelizunguka, tochi mkononi. Hawa ndio wanaonunua kabla ya watu wengine wote, kwa bei hata mara tatu ya ile ya mchana, ili saa tatu iwakute Kongo wamepiga pasi na kutundika.

Niliangalia mikono yao. Mchaguzi hodari haanzi na nembo. Anashika msamba, anaunyoosha mbele ya tochi. Mwanga ukipenya, kitambaa kimeshaliwa na mapaja na mteja atarudi kugombana. Halafu zipu, juu na chini. Halafu pindo la miguuni, kama limeburuzwa lami. Kiuno ni mwisho: unafunga kifungo, unauzungusha ukanda wa suruali shingoni, ncha zikikutana kisogoni bila kuvutwa inakutosha. Wengi waliamini kipimo hicho kuliko futi, na sijaona kikiwaangusha ila kwa watu wenye shingo nene.

Malundo yakaanza kujitenga, na hapo ndipo nilipobaki nimeduwaa. Jinzi pana yenye tundu la goti ilikwenda lundo la kwanza. Jinzi nyembamba, mpya kabisa, zipu laini, ilitupwa lundo la mnada bila hata kumulikwa. Hakuna aliyetoa amri. Mmoja alitupa, wa pili akatupa, na kabla jua halijachomoza ilishaamuliwa Kariakoo itavaa nini wiki ile. Yangu niliipata kwa undugu, kutoka lundo la kwanza, na kaka alinung'unika.

Zile nyembamba zilibaki. Mnadani hazikuondoka hata kwa bei ya soda. Ndipo kaka akazipeleka kwa fundi mmoja mzee, aliyeshona bugaluu, zile suruali pana chini, miaka ya 1970. Mzee alicheka sana. Alikuwa kijana wakati wa Operesheni Vijana, iliyotangazwa na Umoja wa Vijana wa TANU, chama tawala cha wakati ule, mwaka 1968 kupiga marufuku vimini, mawigi na suruali za kubana. Kituo cha mabasi cha Kariakoo kilikuwa mahali pa wasichana kusimamishwa na kuzomewa. Sasa suruali ya kubana imekataliwa na vijana wenyewe, bila operesheni.

Akafumua mshono wa nje kuanzia goti kwenda chini. Wa nje, kwa sababu wa ndani hushonwa mara mbili kwa uzi wa rangi ya chungwa na ukiufumua kuurudishia ni taabu. Akapachika pembetatu iliyokatwa kwenye jinzi zilizooza msamba, kitako chake kama sentimita 18. Nyuzi za kipande lazima zifuate urefu wa mguu. Ukikata kimshazari, kipande kinavutika na pindo linapinda baada ya kufuliwa. Sindano namba 18, kwani namba 14 inakatika inapofika kwenye mikunjo, na mikunjo yenyewe aliigonga nyundo kwanza ilale.

Rangi ndiyo iliyomshinda. Mguu umepauka, kipande bado bluu iliyoiva, kiraka kinaonekana toka ng'ambo ya barabara. Kaka akashusha bei kwa aibu. Zikaisha. Wiki iliyofuata wakaja vijana wanataka zenye kipande cheusi zaidi.

Watu husema wasanii ndio walioleta mitindo Kariakoo. Labda. Wachaguzi nao walikuwa wanatazama ITV kama sisi, na wasanii walikuwa wananunua Kongo kama sisi, kwa hiyo sijui nani alimtangulia mwenzake. Sehemu ya kaka ilikwenda na moto wa Karume wa Januari 2022, sasa anauza viatu. Nikimwambia kwamba yeye na yule mzee walianzisha mtindo, anakataa: alichotaka ni kumaliza lundo.